Neno "Kichocheo" na Kazi ya Paladi

Katika kuieleza kemia kwa Kiswahili, hasara haitoki daima katika uhaba wa maneno. Mara nyingine hutoka katika neno lililokubaliwa upesi. "Kichocheo" ni neno la namna hiyo. Kuchochea ni kusukuma kuni motoni zikazidi kuwaka, na mchochezi wa fitina hufanya vivyo hivyo kwa maneno. Wazo la kuongeza kasi limo, nalo ni kweli; wazo la kushika, kukutanisha na kuachilia halimo.

Upungufu huo hudhihirika katika njia za kuunganisha kaboni na kaboni, ambazo kwa ajili yake Richard Heck, Ei-ichi Negishi na Akira Suzuki walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2010. Vipande viwili vya kaboni, vikiachwa peke yao, havishikani. Metali ya paladi hujiingiza kwanza kati ya kaboni moja na bromini yake. Kisha hupokea kaboni ya pili kutoka kwa boroni, kama katika njia ya Suzuki na Miyaura ya mwaka 1979, au kutoka kwa zinki, kama katika njia ya Negishi. Mwisho huziacha kaboni zote mbili zimeshikana, nayo hurudi katika hali yake, tayari kwa jozi nyingine. Hapo hapana kuni wala moto. Pana ushenga.

Yaweza kusemwa kwamba "mshenga" ni sitiari, na elimu haipendi sitiari. Hoja hiyo ni dhaifu, maadamu "kichocheo" nacho ni sitiari iliyozoeleka tu. Pingamizi la haki ni jingine: mshenga hutumwa na upande mmoja, na paladi haitumwi na yeyote. Basi "kichocheo" na kibaki kuwa jina, walakini maelezo yake yaazimwe kwenye ushenga. "Muunganisho mtambuka" ni tafsiri mbaya zaidi. Watu wamezoea masuala mtambuka, yaani yanayopitia sekta nyingi, hali hapa kinachokusudiwa ni kuunganisha visivyofanana.

Mtihani wa maneno haya uko mbali na meza za wataalamu. Huko Misigiri, wilayani Iramba, njia ya Kiomboi inapokutana na barabara kuu ya Singida na Nzega, mtoto aghalabu huanza na Kinyiramba nyumbani, husoma sayansi kwa Kiswahili katika shule ya msingi ya serikali, kisha huikuta kwa Kiingereza sekondari. Akiwa ameshika picha ya kuni, atatazamia kuwa paladi nayo huteketea. Kumbe haiteketei. Losartani, dawa ya shinikizo la damu, imepata kutengenezwa viwandani kwa njia ya Suzuki, na katika dawa za namna hiyo hapana budi mabaki ya paladi yaondolewe na kupimwa kabla ya kidonge kumfikia mgonjwa. Aliyefundishwa kwamba kichocheo huungua hatakuwa na sababu ya kuuliza metali ile imekwenda wapi.