"Imekaza" na "Imekazwa": Tafsiri ya Maelekezo ya Kukaza Nati za Gurudumu

Miongoni mwa karatasi zilizofika mezani petu kuombewa usanifu wa istilahi ilikuwamo moja ya maelekezo kwa madereva wa pikapu za ofisi moja ya umma mkoani Songwe. Kifungu chenyewe ni kifupi: "Baada ya kubadilisha tairi, kaza nati zote barabara kwa umbo la nyota. Hakikisha nati zimekaza." Upatanisho wa kisarufi hauna dosari, na maneno yote yamo katika kamusi. Hata hivyo, nathubutu kusema kwamba tafsiri hiyo ni mbovu, na ubovu wake waweza kumtupa mtu korongoni.

Tuanze na neno la mwisho. Nati iliyokazwa ni ile ambayo mtu ameikaza. Nati iliyokaza ni ile inayogoma kuzunguka, kwa sababu yoyote ile. Mafundi wa Tunduma hawachanganyi mambo haya. Akisema "nati imekaza" fundi aghalabu analalamika kwamba haifunguki. Nati yaweza kukaza kwa kutu, au kwa tope lililokaukia katika mistari ya mzunguko wa boliti, ile ambayo kamusi huiita hesi, au kwa sababu hesi zenyewe zimeharibika. Nati ya namna hiyo humdanganya mkono. Spana inagoma, dereva anaridhika, kumbe nati haijaigandamiza rimu.

Hapa hapana budi mfasiri aijue kazi anayoifasiri. Nati inapozungushwa huivuta boliti, nayo boliti hunyumbuka kidogo sana na kuvuta kama springi. Mvuto huo ndio unaoibana rimu kwenye kitovu cha gurudumu, ambacho mafundi hukiita habu. Gurudumu hushikwa na mbano huo, wala si na boliti kwa kuning'inizwa juu yake. Mbano ukipungua, rimu hucheza, matundu yake hupanuka, na boliti hupindwa huku na huku hadi zikatike. Kwa hiyo jambo la kuhakikisha si ugumu wa nati bali mbano wa rimu, na maelekezo yafaa yaanze na kusafisha hesi na uso wa habu. Karatasi yetu haikugusia jambo hilo. Wala kupaka mafuta si dawa, maana kwa mzunguko uleule wa spana boliti iliyopakwa mafuta huvutwa zaidi ya ilivyokusudiwa.

Neno "barabara" nalo lina kasoro yake. Ni kielezi kizuri, lakini hakina kipimo. Dereva mwenye bidii hulitii kwa kupanda juu ya mpini wa spana. Tufanye hesabu kidogo. Mtu wa kilo 70 akisimama kwenye ncha ya mpini wa sentimita 30 ulio mlalo, anaizungusha nati kwa zaidi ya nyutoni-mita 200. Akichomeka bomba na mpini ukafika mita 1, anakaribia 700. Ikiwa kitabu cha gari kinataka 110, kiasi ambacho kwa mpini ule wa kwanza chapatikana kwa uzito wa kama kilo 37 tu, basi mtiifu huyu ameinyoosha boliti isirudi tena. Aliyekaza kidogo na aliyekaza kupita kiasi huweza kuishia mahali pamoja.

Kuhusu "umbo la nyota", hii ni tafsiri sisisi. Nyota tunayoijua darasani ina pembe tano, na pikapu nyingi zina nati sita. Dereva achore nini? Fundi mmoja pale Tunduma alinionyesha kwa kidole, bila nyota yoyote: "Hii, halafu ya ng'ambo." Katika mji ambao ukivuka mpaka tu umo Nakonde, Zambia, neno ng'ambo halihitaji kufafanuliwa. Napendekeza tulichukue. (Kwa gurudumu la nati tano hakuna iliyo ng'ambo kabisa, hapo tutasema "ruka moja".)

Wapo watakaouliza kwa nini tuwasikilize mafundi. Njia hiyo imebeba magari ya mizigo ya Zambia tangu mafuta yalipoanza kupitishwa humo baada ya uasi wa walowezi wa Rhodesia mwaka 1965, miaka miwili kabla ya Sheria ya Baraza la Kiswahili la Taifa kupitishwa. Gereji zilihitaji maneno kabla sisi hatujaketi kuyasanifu.

Kutokana na hayo, kitenzi "kaza" peke yake hakitoshi. Kwa hatua ya kwanza, ya kuingiza nati kwa vidole, ninalo neno la mafundi cherehani: kushikiza, kama nguo inavyoshikizwa kabla ya kushonwa. Hatua ya mwisho iitwe kukaza kwa kipimo, na chombo chake spana ya kipimo, yaani ile inayowekewa kiasi na kulia kinapofikiwa. Nimeliepuka neno "mkazo" kwa makusudi, kwani wanaisimu wanalitumia kwa sauti.

Rasimu yangu ni hii: "Safisha hesi na uso wa habu. Shikiza nati zote kwa vidole, upande uliochongoka ukielekea kwenye rimu. Zikaze kiasi, nati moja kisha ya ng'ambo yake. Shusha gari tairi liguse chini, kisha kaza kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha gari, kwa utaratibu uleule. Pima tena baada ya kilomita 50 hadi 100."

Ni ndefu kuliko ya awali, na mwenzangu mmoja ofisini ameipinga kwa sababu hiyo. Anasema pia kwamba dereva aliyetoka Tunduma atakuwa amekwisha kufika Mbeya kabla ya kukumbuka sentensi ya mwisho. Kwa hoja hiyo ya pili nimekubali: nimeandika "simama Vwawa au Mlowo upime tena", nayo karatasi imerudishwa Songwe ikiwa hivyo.