Kumbe Ilikuwa Ndoto

Msomaji, bila shaka umepata kuandika, au kusoma katika daftari la mwenzio, insha iliyomalizika kwa maneno hayo. Shujaa amefukuzwa na simba mpaka ukingoni mwa genge. Nyuma yake mna makucha, mbele yake mna shimo. Karatasi yakaribia kwisha na kengele yakaribia kulia. Basi mara mwandishi ashtuka kitandani, jasho likimtiririka, na mama yake amwita aondoke aende shule. Nimesahihisha insha za namna hii kwa miaka kadha, kazi za wanafunzi watokao pande zote mbili za Mto Athi, ugawao Kitui na Makueni, na kalamu yangu nyekundu imeizoea njia yake. Leo nataka tulitazame jambo hili pamoja, kwa sababu kalamu hiyo ilipata kukosea, nami sitaki ikosee tena.

Kwanza tuulize: kosa la mwisho huo ni nini? Si kosa kuandika juu ya ndoto. Ndoto ni mali ya halali ya fasihi tangu zamani. Yusufu na ndoto zake wamo katika Biblia na katika Kurani. Kosa ni kukimbia deni. Mwandishi aliyemtia mtu hatarini amejifunga kwa msomaji: hana budi kueleza mtu yule aliokokaje, au aliangamiaje. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Asemaye “kumbe ilikuwa ndoto” halipi. Asema tu kwamba hakukopa. Hofu yetu yote, huruma yetu yote, aitupa kama maganda. Tena ametuficha jambo ambalo yeye alilijua tangu mstari wa kwanza.

Sasa mlinganishe na John Bunyan, Mwingereza aliyetoa kitabu chake mwaka 1678, kile tukijuacho kwa Kiswahili kwa jina la Safari ya Msafiri. Kitabu hicho nacho ni ndoto. Lakini Bunyan atwambia mapema kabisa kwamba alilala akaota, na ya kuwa katika ndoto alimwona mtu mwenye mavazi yaliyochakaa, kitabu mkononi na mzigo mzito mgongoni. Hakuna udanganyifu. Twajua kuwa ni ndoto, na hata hivyo twaogopa mtu yule anapozama matopeni, na twafurahi mzigo unapomwanguka. Kujua hakukupunguza neno.

Mfano wa pili wafaa zaidi kuchunguzwa. Kitabu cha Lewis Carroll kilichotoka mwaka 1865 kilitiwa katika Kiswahili mwaka 1940 kwa jina la Elisi katika Nchi ya Ajabu. Kwa kutazama juu juu, mwandishi yule mashuhuri amefanya kosa lile lile la wanafunzi wangu: mwishoni Elisi aamka, na yote yalikuwa ndoto. Lakini tazama aamkavyo. Yumo barazani mwa hukumu. Malkia mkali ameamuru akatwe kichwa. Elisi haokolewi na sauti ya mama. Aokolewa na akili yake mwenyewe: awaambia wale wakubwa kuwa wao si kitu ila karata za kuchezea. Ameitambua ndoto naye angali ndani yake! Karata zaruka juu zikimwangukia, naye aamka na kuona majani makavu yakimwanguka usoni. Deni limelipwa: hofu imevunjwa na yeye aliyeogopa, na karata zimepata maelezo yake katika majani. Huo ndio mwisho uliotayarishwa.

Nimefika sasa kwenye insha niliyoikosea. Aliiandika msichana wa upande wa Kitui. Alisimulia jinsi alivyokwenda alfajiri na punda kuteka maji katika mkondo mkavu wa mto, pale wanapochimba visima mchangani wakati wa kiangazi. Akachimba; maji yakaja kikombe kimoja, kisha ndoo, kisha yakapanda yasikome mpaka mto ukajaa ukingo kwa ukingo. Ng'ambo alimwona nyanya yake akiosha vibuyu, naye nyanya huyo alikuwa amekwisha kufa. Katikati ya ukurasa wa pili mwandishi akasema: “Hapo nikatazama, nikaona punda hana kivuli, nikajua kuwa naota.” Lakini hakuamka. Alijua kuwa angeweza kuamka, akakataa. Alijua ya kuwa lolote atakalosema nyanya yake litatoka katika kichwa chake yeye mjukuu. Hata hivyo alitaka kuisikia sauti ile. Akavuka, akateka maji kwa kibuyu, akampa anywe. Insha ikaishia hapo, na kuamka hakukutajwa.

Niliandika pembeni: “Haiwezekani. Aotaye hajui kuwa aota.” Nikapunguza alama. Msichana alikuja baada ya vipindi akasema kwa adabu, “Mwalimu, mimi huota hivyo tangu utotoni. Nilidhani watu wote huota hivyo.” Nilimjibu kwamba insha nzuri yapaswa kuaminika, nikamwambia aende.

Baadaye nilisoma, nikaona haya. Aristotle aliandika, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, kwamba mara nyingi mtu alalapo kuna kitu ndani yake kimwambiacho kuwa ayaonayo ni ndoto tu. Mholanzi Frederik van Eeden, aliyekuwa daktari na mwandishi wa hadithi, alitoa maelezo ya ndoto zake za namna hiyo mwaka 1913. Hata hivyo wataalamu wengi walishuku, kwa maana hapakuwa na ushahidi ila neno la mwotaji. Ushahidi ulipatikana mwaka 1975 katika Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza. Mtu anapokuwa katika usingizi wa ndoto nyingi viungo vyake hulegea visiweze kujongea, isipokuwa macho. Basi Keith Hearne alipatana na mwotaji mmoja, Alan Worsley, ya kuwa akitambua kuwa aota atayapeleka macho yake kushoto na kulia kwa namna waliyoagana. Worsley alilala, mitambo ikaonyesha kuwa yu usingizini kweli, na ile ishara ikaja. Stephen LaBerge alithibitisha jambo hilo kwa njia yake katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, akalichapisha mwaka 1981. Na mwaka 2016 wachunguzi waliojumlisha utafiti wa miaka 50 walikadiria kwamba watu 55 katika kila 100 wamepata ndoto ya namna hiyo walau mara moja, na 23 huipata kila mwezi au zaidi. Wengine hujifunza kwa bidii. Wengine, kama msichana yule, huzaliwa nayo.

Kwa hiyo kipimo changu kilikuwa kibovu. Nilihukumu insha kwa kiasi cha maarifa yangu, nikadhani nimeihukumu kwa kiasi cha kweli. Tukiipima upya, twaona kuwa imewashinda wenzake kwa mambo mawili. Kwanza, neno “naota” limewekwa katikati wala si mwishoni, kwa hiyo halifuti kitu; huanzisha swali jipya: ajuaye kuwa haya si ya kweli atafanya nini? Pili, jibu lake laonyesha tabia. Angeweza kuruka angani au kujijengea jumba. Alichagua kumpa mzee maji, na katika nchi ambayo maji hutafutwa mchangani kwa mikono, hakuna heshima ipitayo hiyo.

Tuna hadithi yetu wenyewe ihusuyo kuona yasiyoonekana. Kila mtoto wa Ukambani amesikia habari za Syokimau, nabii aliyesema kwamba nyoka mrefu atatoka upande wa bahari akitema moshi na moto, na pamoja naye watu wa rangi ngeni wabebao moto mifukoni. Reli ilianzwa Mombasa mwaka 1896, ikapita Kibwezi na Makindu katika nchi ya Makueni, ikafika Nairobi mwaka 1899 na ziwani Kisumu mwaka 1901. Kituo cha reli kilichofunguliwa katika Machakos mwaka 2012 chaitwa kwa jina lake. Msimulizi mmoja aweza kukwambia kuwa Syokimau aliota, mwingine kwamba alionyeshwa. Lakini sanaa ya hadithi ni moja. Haimalizwi kwa kuikana ndoto. Ndoto yatoka nje ya usingizi na kulala juu ya mataruma. Nyoka ni picha aliyoweza kuielewa mchungaji wa ng'ombe, na viberiti mifukoni ni jambo dogo lenye kuaminisha jambo kubwa.

Lakini isikilize hadithi hiyo kama msichana yule alivyoota: furahi nayo, wala usisahau kuwa umo hadithini. Uliza ni nani asimuliaye, na lini. Sisi twaipokea kwa vinywa vya watu waliokwisha kuliona gari la moshi, na hapana ajabu ikiwa nyoka amezidi kufanana nalo kila aliposimuliwa. Kuuliza hivyo si kumvunjia Syokimau heshima. Ni kuutazama kivuli cha punda, kisha kuvuka mto vilevile.

Hiyo ndiyo kazi ya msomaji wa fasihi. Anayesahau kabisa kuwa asoma kitabu hudanganywa na kila mwandishi. Na anayekumbuka hilo tu, asikubali kuogopa wala kulia, hapati kitu. Shika yote mawili.

Nilimwita msichana yule, nikamwomba radhi, nikamrudishia alama zake. Alishukuru. Lakini insha iliyofuata aliiandika kama wenzake: simba, genge, jasho, na mama akiita mlangoni. Nimeiweka hata leo. Nawe ukipewa alama mbaya kwa jambo ulijualo kwa hakika, mwendee mwalimu wako kwa adabu, umweleze. Na akikataa kukusikia, usiache kuliandika.