Istilahi "Wazi" na Usalama wa Kompyuta

Wafasiri kadhaa huiita Linux "mfumo endeshi wa msimbo wazi". "Mfumo endeshi" tunaukubali, "wazi" hatuliridhii. Karani wa Mwanza akisoma kwamba kitu ki wazi, hukumbuka ghala la dagaa la Mwaloni, Kirumba, lililosahauliwa kufungwa. Basi Windows, ambayo msimbo wake umefichwa, huhesabiwa salama kabla hoja hazijasikilizwa. Ilhali kilichofunuliwa katika Linux ni maandishi ya programu, wajuzi wayakague, wala si majalada ya mwenye kompyuta. "Bure" ni baya zaidi: nani ataamini ulinzi wa bure? Tangu Jambo OpenOffice itolewe kwa Kiswahili mwaka 2004, suala hili ni letu. Twachagua "huria", ingawa mchuuzi wa sangara atafikiri kwanza soko huria.