Soul ya Mogadishu Yapata Sauti Tena

Pongezi hizi ni za Xabiib Sharaabi na wenzake wa Dur-Dur Band Int. Mwaka 2023 walitoa albamu ya The Berlin Session, na anayeisikiliza atajua kwamba soul na fanki za Mogadishu za miaka ya 1970 na 1980 hazikufa vitani. Fuata gitaa la besi: linakwenda, linakatika, linarudi. Kinanda kinajaza pengo, kisha mwimbaji anapanda juu yake kwa ngazi ya noti tano za Kisomali. Ustadi wenyewe ndio huo. Wasomali waliipokea soul ya Marekani wakaivisha kikoi.

Vita vya 1991 viliwatawanya wanamuziki kama vilivyotutawanya sisi Wabajuni wa visiwa vya Chovai, Koyama na Chula, tukafika Mombasa, tukafika London. Kabla ya hapo, kule Hargeisa, kanda za muziki zilifukiwa ardhini zisiangamie kwa mabomu ya 1988. Mwaka 2017 nyimbo za zama hizo zilitoka katika mkusanyiko wa Sweet as Broken Dates, uliowania tuzo ya Grammy. Waliozifukia wana haki ya shukrani zetu. Wanaoimba leo wana haki zaidi, maana kanda haimfundishi kijana mahali pa kuvuta pumzi.

Nasi Wabajuni tuna vave, nyimbo za wakulima wetu za usiku wa kuamkia kuchoma shamba. Mwenye babu anayezijua na amrekodi mwaka huu huu, kisha vijana wazipandishe jukwaani.