Santuri za Siti binti Saad na Waliozisema



Wako jamaa zetu hapa Wete wasiopenda kusikia jina la Siti binti Saad likitajwa penye watu wa dini, na wako wengine ambao wakitajiwa Siti hawataki tena aambiwe neno. Katika makundi yote mawili, wachache ndio waliokaa wakazisikiliza santuri zenyewe. Siku hizi udhuru haupo, kwani gramafoni ya kuzungusha kwa mkono haihitajiki tena. Nyimbo hizo zimo hata katika simu za vijana.

Siti alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo 1880, katika watu wa chini, akifinyanga vyungu na kuviuza. Mwaka 1928 alisafiri Bombay pamoja na wenzake, akina Maalim Shaaban, Subeti Ambar, Buda Swedi na Mbaruk, kutia sauti katika santuri. Zikagombaniwa. Mwaka 1929 wakaenda tena, na hata ilipofika 1930 nyimbo walizotia zilikuwa zimepita 200. Ukumbuke kwamba taarabu ya Jumba la Mfalme, tangu zama za Sayyid Barghash, ilikuwa ya Kiarabu. Sasa mchukuzi wa bandarini anasikia Kiswahili chake mwenyewe kikitoka ndani ya sanduku!

Waliomsema walisema nini? Hapa ndipo penye aibu. Hawakusema sauti yake mbovu, wala kwamba mashairi hayana vina. Walimtungia nyimbo za kumkejeli kwa uso wake na kwa asili yake: ametokea shamba, amekuwa mtu lini? Naye akawajibu kwa wimbo, kwamba uzuri si sura. Sasa ewe msomaji, fungua Suratul Hujurat, aya ya 11, uone wanaodharau wenziwao wanaambiwa nini, na uone wanawake walivyotajwa humo mbali. Huo haukuwa uhakiki, ulikuwa ni masimango.

Wanaomlaumu kwa dini wana hoja nzito zaidi, na haifai kuwacheka. Katika madhehebu yetu ya Kishafii kauli yenye nguvu ni kuwa sauti ya mwanamke peke yake si uchi, ila huharimika kuisikiliza pakihofiwa fitina. Kwa udi na fidla, wanavyuoni wetu wengi wamekataza, wakaruhusu dufu. Mimi siwezi kulifuta hilo kwa kuwa napenda wimbo. Lakini mwenye kukataza na aseme anakataza ala, asiseme anakataza maneno, kwani katika maneno hayo mna mambo ambayo hata mimbarini hayakusemwa.

Chukua wimbo wa Kijiti. Mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam, mja mzito, alichukuliwa kwenye starehe, akanajisiwa, akauawa. Kijiti akavuka bara. Waliofungwa ni wanawake wawili waliokuwa pamoja na marehemu, kwa habari ya pombe. Siti akayaimba hayo, jina la muuaji likitajwa waziwazi, mji mzima ukasikia. Hakuficha kwamba pombe ilikuwapo, wala hakuifanya pombe kuwa ndiyo iliyoua. Wangapi katika sisi, yakitokea ya namna hii, huuliza kwanza mwanamke alifuata nini huko?

Kwa upande wa sanaa nina lawama moja, na si yake peke yake. Uso mmoja wa santuri ulichukua kama dakika tatu tu. Wimbo ambao usiku ungekwenda taratibu, msikilizaji akaitikia na kutaka urudiwe, ulibanwa ukakatwa. Ndiyo maana mwenye kumsikia leo huona sauti kali, ya haraka, akashangaa sifa zote zile zimetoka wapi.

Shaaban Robert alimwandikia wasifu, uliotoka 1958, miaka minane baada ya kufa kwake. Ni kitabu kizuri, lakini kinamsifu mno. Mtu hutoka humo akidhani amesoma habari za walii. Siti wa kwenye santuri ana ulimi mkali kuliko huyo, ana mizaha, na ana hasira. Wanawake wenye majungu ya kushughulikia, ambao vitabu haviwafikii, walimjua kwa sauti hiyo, wakawa wanaimba Kijiti majumbani mwao huku watoto wakisikia.