Stepla ya utumbo: kazi yote iko kwenye kipimo

Mwaka 1879, mmisionari Robert Felkin, aliyekuwa na mafunzo ya udaktari, alimshuhudia mganga wa Kahura, Bunyoro, akimpasua mama mjamzito ili kumtoa mtoto. Mganga alinawa kwa pombe ya ndizi, akaliosha nayo na tumbo la mama. Alipomaliza, aliziunganisha kingo za kidonda kwa pini saba nyembamba za chuma kilichong'arishwa, akazifunga kwa uzi wa gome la mti. Siku ya tatu alizitoa pini tatu, siku ya tano akatoa tatu nyingine, na siku ya sita akamalizia ya mwisho. Siku ya 11 kidonda kilikuwa kimepona. Felkin alichapisha habari hiyo Edinburgh mwaka 1884.

Mganga yule alijua jambo ambalo hata sasa ndilo linaloamua kama kifaa cha kisasa kitaponya au kitaua: nyama inataka kubanwa kwa kiasi. Ikilegea, itavuja. Ikinyongwa, itakosa damu na kufa. Stepla ya upasuaji, kifaa kinachoziba na kukata utumbo kwa mkupuo mmoja, imejengwa juu ya kanuni hiyo.

Stepla ya kwanza ya tumboni ilitengenezwa Budapest mwaka 1908 na daktari Hümér Hültl akishirikiana na fundi Victor Fischer. Ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo tatu, na kuipanga kabla ya kazi kulichukua saa nzima na zaidi. Hata hivyo, mambo makuu ambayo Hültl aliyaweka hayajabadilika: nyama ibanwe kwanza, waya uwe mwembamba, pini ikunjwe mfano wa herufi B, na mistari ya pini ipishane. Mwaka 1921 Aladár von Petz alitengeneza iliyo nyepesi zaidi. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Warusi wakaiendeleza kazi hiyo. Mmarekani Mark Ravitch aliziona stepla zao alipotembelea Urusi ya Kisovieti mwaka 1958, akarudi na moja nyumbani, na tangu hapo zikaenea duniani.

Ya leo, inayotumika katika upasuaji wa matundu madogo, ni fimbo ndefu yenye taya mbili mwishoni. Tumbo hujazwa hewa ya ukaa ili liinuke, kamera huingizwa kwenye tundu moja, na stepla hupita kwenye bomba lenye upana wa milimita 12 hivi. Taya moja imebeba katriji ya pini za titani. Taya ya pili ni fuawe, yenye vishimo vidogo vinavyozikunja ncha za pini. Daktari akifyatua, pini hutoka kwa mistari, mara nyingi mitatu kila upande, na kisu hupita katikati. Kisu hicho husimama kabla ya kufika kwenye pini za mwisho, ili ncha ya mkato nayo ibaki imezibwa.

Mistari hiyo hupangwa kama makuti. Aliyewahi kumtazama fundi akiezeka nyumba Maneromango au Mzenga, wilayani Kisarawe, anajua kwamba kuti la juu hufunika pengo la makuti mawili ya chini yake, na ndiyo maana mvua haipiti. Pini nazo hupishana hivyo hivyo, pengo la mstari mmoja likizibwa na pini ya mstari wa pili. Umbo la B nalo lina kazi yake: matumbo mawili ya herufi hiyo huacha vijinjia ambamo mishipa midogo hupitisha damu hadi kwenye kingo. Bila damu hiyo kingo haziungani, hata pini ziwe imara namna gani.

Ugumu uko kwenye unene wa nyama. Katika mfumo uliozoeleka, katriji nyeupe ina pini zenye miguu ya milimita 2.5, kwa ajili ya mishipa ya damu. Ya buluu ina 3.5, na ikifungwa hubaki 1.5. Ya kijani, ya nyama nene, hufungwa hadi milimita 2. Tofauti ya nusu milimita ndiyo inayotenganisha mgonjwa anayerudi nyumbani na anayerudishwa mezani. Zaidi ya hapo, nyama ina maji. Ndiyo maana daktari mzuri hufunga taya, akasubiri sekunde 15 hivi ili maji yasogee, ndipo akafyatua. Haraka hapo ni hasara.

Mfano mzuri ni upasuaji wa kupunguza tumbo kwa wenye uzito uliopitiliza. Hospitali ya Mloganzila, iliyo kabla ya Kibaha ukitokea Dar es Salaam, imejulikana kwa huduma ya puto, linaloingizwa tumboni kwa mdomo bila kukata kitu na kutolewa baada ya miezi kadhaa. Upasuaji wa stepla ni jambo jingine: karibu robo tatu ya tumbo la chakula hukatwa na kuondolewa, na hairudi tena. Katriji tano au sita huweza kutumika kwa mgonjwa mmoja. Tumbo ni nene upande wa chini na jembamba juu, kwa hiyo katriji hubadilishwa kadiri daktari anavyopanda. Sehemu inayovuja mara nyingi ni ile ya juu kabisa, karibu na umio.

Hatari hizo si za kubuni. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, FDA, ilitangaza kwamba kati ya 2011 na Machi 2018 ilipokea taarifa zaidi ya 41,000 kuhusu stepla za upasuaji, zikiwemo za vifo 366 na majeraha makubwa zaidi ya 9,000. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni pini kutokunjika sawasawa, mstari kufumuka, na katriji isiyolingana na unene wa nyama. Mwaka 2021 ikaziweka stepla za ndani ya mwili kwenye daraja la uangalizi mkali zaidi.

Basi Mkoa wa Pwani ujifunze nini? Mgonjwa wa kidole tumbo aliyetoka hospitali ya wilaya ya Kisarawe na kupewa rufaa ya Tumbi, Kibaha, hahitaji stepla ili apasuliwe kwa matundu madogo. Daktari Mjerumani Kurt Semm alipokiondoa kidole tumbo kwa njia hiyo huko Kiel mwaka 1980, alitumia kitanzi cha uzi. Kitanzi hicho kinatosha mpaka leo kwa wagonjwa wengi, na bei yake ni ndogo mno kulinganisha na katriji inayotumika mara moja na kutupwa. Huko Moshi, hospitali ya KCMC imewafundisha madaktari upasuaji wa matundu madogo kwa ushirikiano na wenzao wa Northumbria, Uingereza. Msingi wa mafunzo kama hayo ni mkono wa mtu, kabla ya mashine.

Mahali ambapo naiona stepla ikistahili gharama yake Tumbi ni kwingine. Hospitali hiyo hupokea majeruhi wa Barabara ya Morogoro. Mtu aliyepasuka utumbo mara tatu huku akivuja damu hana muda wa kushonwa uzi kwa uzi. Stepla ya upasuaji wa wazi huziba kila upande wa utumbo uliochanika kwa sekunde chache, damu ikazuiwa, mgonjwa akapelekwa chumba cha uangalizi maalumu, na baada ya siku moja au mbili akarudishwa ili utumbo uunganishwe akiwa na nguvu.

Ushauri wangu kwa wanaopanga manunuzi ni huu: msinunue stepla pasipo katriji za unene wote na uhakika wa kuzipata tena zikiisha. Na kwa madaktari vijana: jifunzeni kwanza kushona utumbo kwa mkono hadi usivuje. Stepla ikigoma katikati ya kazi, mkono huo ndio utakaomwokoa mgonjwa.