Green Mars: mahesabu yamezeeka, ugomvi bado mbichi

Kitabu cha katikati katika trilojia huwa na kazi ngumu: mwanzo si wake, mwisho si wake. Green Mars ya Kim Stanley Robinson ilitoka 1993, kati ya Red Mars na Blue Mars, na mwaka 1994 ikachukua tuzo ya Hugo. Watu wa sayansi huisifu kwa mahesabu yake ya kuigeuza sayari ya Mirihi iwe na hewa na mimea. Nadhani wanasifu kitu sicho.

Tuseme ukweli, mahesabu yamezeeka. Mgandamizo wa hewa ya Mirihi haufiki asilimia 1 ya wa kwetu. Mwaka 2018 Bruce Jakosky na Christopher Edwards walijumlisha hewa ya ukaa inayoweza kupatikana kwenye barafu, udongo na miamba ya huko, wakakuta haitoshi kuipasha joto sayari hiyo kwa teknolojia tuliyonayo. Kabla ya hapo, 2008, chombo cha Phoenix kilikuta udongo wenye perikloreti, chumvi ambazo ni sumu kwa binadamu. Robinson angejuaje?

Kilichobaki kibichi ni ugomvi wa Sax na Ann. Sax Russell, mwanafizikia, anataka uhai usambae. Ann Clayborne, mwanajiolojia, anataka mawe yaachwe yalivyo. Data wanazo zilezile, na hakuna mjinga kati yao. Wala hoja ya Ann si mapenzi ya mawe tu: tukipeleka bakteria wetu kabla ya kumaliza kutafuta uhai wa huko, siku tukikuta kiumbe tutajuaje kama ni mwenyeji au ni abiria wetu? Ndiyo maana vyombo vinavyotua kule husafishwa vijidudu kabla ya kurushwa. Sax naye, akijificha kwa jina bandia la Stephen Lindholm, anatoka maabara na kuanza kutazama vimea vidogo kando ya barafu, kimoja kimoja. Yaani mtu wa takwimu anaanza kupapenda mahali wakati tayari anapabadilisha.

Kuna kurasa zinachosha, jamani. Mkutano wa Dorsa Brevia unasomeka kama kumbukumbu za kikao cha idara. Na Ann kapewa nafasi ndogo kuliko Sax, kwa hiyo mizani inaegemea.

Lakini mwisho wake! Wekundu, wenzake Ann wenye msimamo mkali, wanavunja tuta la kuzuia maji, mji wa Burroughs unafurika. Wakazi wanatoka kwa miguu kwenye baridi kali hadi kituo cha treni cha Libya, bila mavazi ya anga, wamevaa barakoa za kuchuja hewa ya ukaa basi. Wanaokolewa na hewa ileile ambayo Wekundu hawakutaka iwepo. Robinson hatuambii nani alikuwa sahihi.

Usianzie hapa, anza na Red Mars. Kama hukuona maasi ya 2061 yalivyozimwa, matembezi hayo hayatakugusa.